Msimu wa Tisa Bila Dada Zuwena

Ibra, Ijumaa ya pili ya Ramadhani

Mjukuu wangu Nasra,

Leo nitakwambia yote. Bibi yako Zuwena ni dada yangu, kwa hiyo na mimi ni bibi yako, ijapokuwa bado nasoma skuli; ukijibu, uanze na shikamoo. Yeye yuko Nizwa, anamlea mama yako mdogo aliyejifungua salama.

Umeuliza kama kichekesho chetu cha televisheni cha baada ya futari kimeharibika msimu huu wa tisa. Nilitaka kujibu ndiyo. Tangu Dada aondoke tunakitazama kimya, na kaka yangu Seif anataka tukiache kabisa.

Lakini jana niliukumbuka msimu wa kwanza, nilipokuwa mdogo na Kiarabu chao bado kinanipita. Katika kichekesho, jirani alikuja kuazima gari, mwenye gari akamwambia ni bovu. Dada akatutafsiria kwa namna yake: "Gari si bovu. Limesikia hodi tu, likaugua." Seif alipaliwa na supu ya shurba kwa kicheko.

Sasa nahangaika. Nikisema msimu huu ni mbaya, tutakiacha, na Dada atarudi asitukute tena mbele ya televisheni atutafsirie. Nimemsihi Seif angoje.

Wewe huko Salala umeyaona marudio ya msimu wa kwanza bila tafsiri yake. Nijibu upesi: ulicheka?

Bibi yako,
Rahma