Meno ya Georgette

Nakivale, 3 Machi 2012

Mdogo wangu Bénédicte,

Natumaini Mbarara hamjambo na kifua chako kimepona. Huku tu wazima, isipokuwa binti yangu Georgette. Leo siku ya tano anakataa chakula na kujipiga shavu.

Nimekasirika, sikufichi. Huyo daktari wako wa meno, Muzafaru, alimlaza kwenye kiti, mtoto akakakamaa na kurusha miguu, ndivyo mwili wake ulivyo. Basi akaamua: apewe dawa ya usingizi, meno yote yang'olewe. Yote! Kwa sababu hatembei wala hasemi? Ana miaka kumi na tisa. Nawe msaidizi wake ulisimama hapo umeshika trei, kimya. Muulize ni jino lipi bovu.

Dada yako mkubwa, yaya Mariette

Ruti, Mbarara, 9 Machi 2012

Yaya,

Pole sana na mtoto. Barua yako imenichapa vizuri. Nilinyamaza kwa sababu kazi bado ni mpya, niliogopa, na sasa naona aibu. Jana nimemuuliza. Anasema hajui jino lipi, hajaona ndani ya kinywa. Akiona kwa dakika tano tu, atang'oa yaliyo mabovu pekee. La sivyo, Alhamisi anang'oa yote, usaha usije ukasambaa.

Wewe unamfunguaje kinywa? Na ile dawa tamu ya kifafa, unampa saa ngapi?

Mdogo wako, Bénédicte

Nakivale, 12 Machi 2012

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, Mungu akulinde. Dawa nampa akienda kulala, na kijiko cha sukari juu yake ili asiiteme. Miaka yote hiyo. Usiniambie kitu, nimeshaelewa, na moyo unaniuma.

Kinywa simfungui. Anafungua mwenyewe ninapomsuka nywele: mimi nimekaa mkekani, kichwa chake mapajani mwangu, mwili wote unalegea. Alhamisi nakuja na mkeka. Mwambie daktari avue viatu.

Yaya wako

Ruti, 2 Aprili 2012

Yaya,

Mwaendeleaje, uvimbe wa pale Georgette alipong'olewa umeisha? Bado nacheka nikikumbuka ulivyomwambia, "Docta, shuka huku chini, mutoto hapandi huko," ukaendelea kusuka. Kumbe mabovu ni matatu tu!

Ijumaa ameletwa kijana wa Oruchinga mwenye mwili kama wa Georgette. Daktari hakukigusa kiti. Alimuuliza mama yake, "Nyumbani kichwa yake unashikia wapi?" Sasa kliniki ina mkeka wake.

Je, unamsugua meno kila siku?

Mdogo wako

Nakivale, 10 Aprili 2012

Mdogo wangu,

Tumeamka vyema, nawe uwe hivyo. Sukari nimeacha. Dawa nampa kabla ya chakula cha jioni, halafu maji, halafu mswaki.

Jana nilizembea, nikaacha kidole katikati ya meno. Georgette akaniuma mpaka damu, akacheka. Nilipiga kelele majirani wakaja mbio, wakanikuta nalia na kucheka, nikiwaonyesha alama za meno ya mwanangu.

Yaya wako