Paa la Katikati

Mume wangu Yona,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Zuzu tu wazima, na ng'ombe mwekundu kazaa pacha, nusura nicheze. Unauliza kama wewe na nduguzo mgawane nyumba ya marehemu baba yenu.

Enzi za Mjerumani, nikiwa binti mdogo, baba yangu na kaka yake waligawana tembe ya babu, ile nyumba ya paa bapa la udongo. Kila mmoja alikandika udongo kwenye paa la upande wake. Pale katikati kila mmoja alimwachia mwenzake. Mvua ya kwanza ikapenya hapohapo, ikatulowesha wote. Baba mkubwa akaita, "Mdogo wangu, njoo na udongo!" Tukapanda sote, tukakanyaga matope tukiimba, na jioni tukala chungu kimoja.

Vyumba gawaneni, mume wangu. Paani mpande wote.

Bibi yako