Baba Anataka Azikwe na Gemeinde Ipi?

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, baba yetu ni mgonjwa, daktari ametuambia tujiandae, na juzi nikimnywesha supu ya dengu akasema polepole, "Nikifa, Gemeinde ndiyo inizike," akafumba macho akalala, nawe unajua neno hilo kwetu ni usharika wa kanisani na ni kijiji na halmashauri yake vilevile, basi kaka yangu Gernot, mzee wa kanisa, akaruka, "Umesikia, Roswitha? Mzee amerudi kwa Mungu, namwita mchungaji!" nikamwambia, "Thubutu! Umesahau kwa nini alijitoa kanisani? Si walikataa kumpigia kengele mdogo wetu kwa kuwa alikufa hajabatizwa?" baba amekuwa zimamoto na diwani hapa kijijini maisha yake yote, watu wake ni hao, wao ndio wabebe jeneza, Gernot akaniita mpagani, nikamwita mnafiki, sasa tunapishana jikoni kama wapangaji, lakini kinachoninyima usingizi ni hiki, mchungaji wetu mpya, mwanamke kijana tu, alipokuja kumjulia hali, baba ndiye aliyemshika mkono asitake kuuachia, je, nikimzuia nitakuwa nimemnyima baba amani, na nikikubali si nitakuwa nimemsaliti mdogo wangu?

Roswitha

Roswitha,

Pole, kuuguza mzazi si mchezo. Sasa nisikilize, na huyo kaka yako umsomee kwa sauti. Mnamgombania mzee kana kwamba mmeshamzika, naye yuko chumba cha pili, anapumua na ana masikio! Nani aliwakataza kumuuliza, "Baba, Gemeinde ipi?" Hamkumuuliza kwa sababu kila mmoja analiogopa jibu.

Kushika mkono si kurudi kanisani, wala hasira ya zamani si kiapo. Mtu anaweza kusamehe bila kuwaomba ruhusa wanawe. Huenda anawataka wote, zimamoto wabebe na mchungaji aombe. Huenda hataki kengele kabisa. Mimi sijui, na wewe hujui.

Kesho asubuhi akiamka, ingieni wote wawili. Wewe ndiye uulize, na umtaje mdogo wenu kwa jina, maana hata kwangu hukulitaja, na nadhani nyumbani kwenu halitajwi kabisa. Gernot akidakia, mtoe nje. Baba akisema kanisa, ukamwite mchungaji kwa miguu yako mwenyewe. Akisema kijiji, Gernot aende kwa zimamoto. Litakalotoka kinywani mwake mwitikie, "Sawa, baba," hata kama litakuchoma. Usingoje apate nafuu.