Joto ni ya Radio

Mama yangu wa Kasaji,

Jambo kwako. Dada Ndaya alizaa muzuri, mutoto muke, na mi njo namuoshaka karibu na moto. Baridi ya Kolwezi ni kali, na ukungu ya asubuyi inafunika nyumba yote ya kampi ya batumishi.

Juzi nilienda ku magazini ya kampani, kwenye banagawaka bintu, kumutafutia mutoto bulangeti, sababu kila muzazi anapewaka moja. Karani akafunga mulango mbele ya bamama. Akasema: “Radio inatangaza joto juma iyi. Bulangeti ya nini tena?”

Nikamujibu: “Tata, joto ni ya radio. Baridi iko hapa.”

Nikaikala chini ku mulango. Bamama bote bakaikala nyuma yangu mu ukungu, na tukaimba mupaka karani alifungua, akatupatia bulangeti.

Leo joto imefika kweli, radio haikudanganya. Mutoto analala bila nguo. Mi najifunika bulangeti yake ku mabega, natoka jasho, na napita polepole mbele ya magazini, karani aione.

Kaa na amani, mama. Nitarudi kwako Kasaji siku karani atanisalimia kwanza.

Mbuyi wako