Nimetia Kabureta, Petroli Inafurika, na Pilau Imeshaliwa

Bi Mejumaa mpendwa,

Shikamoo. Nisaidie kabla sijaaibika, mimi ni fundi hapa Shimanzi, shule niliachia darasa la sita lakini injini haziulizi cheti, gari likikohoa ng'ambo ya barabara nakutajia ugonjwa wake kabla halijasimama. Sasa kuna Mzee Mutunga, ana lori la petroli la zamani, limezaliwa kabla yangu, alilitia injini ya Kijapani ya injeksheni, ile inayoamrishwa na kompyuta, chumvi ya bahari ikaila kompyuta, lori likalala miezi mitatu na mafundi wote wameshika viuno. Nikasema mbele ya yadi nzima, nipeni mimi, nang'oa injeksheni natia kabureta, kitu hata kipofu atakirekebisha kwa bisibisi. Nikatia, na wallahi likawaka mara moja.

Mzee Baya, fundi mkuu wetu, akaniambia, "Mwanangu, itoe na ile pampu ya ndani ya tangi. Ni ya injeksheni, inasukuma kwa nguvu, kabureta haitaiweza." Nikamjibu, "Mzee, wewe bado uko zama za kuwasha gari kwa mkono." Watu wakacheka. Nikaiacha pampu, kuitoa ni mpaka ushushe tangi, na pilau ilikuwa inapakuliwa, maana kwetu kijana akimaliza injini peke yake mamake huwapikia watu wa yadi, na tangu tonge la kwanza haitwi kijana tena, huitwa fundi.

Wiki ya pili hii kabureta inafurika, petroli inachuruzikia injini, nimeiona kwa macho yangu, na Mzee Mutunga anabeba magodoro hadi Majengo kila siku, sigara haimtoki mdomoni. Ananiuliza, "Fundi, mbona harufu?" Namwambia injini bado inazoea. Nikisema kweli nitarudi kuwa kijana, na Baya atanicheka mpaka tuzikwe. Nifanyeje? Jina langu usilitaje.

Fundi Hodari

*

Fundi Hodari,

Marahaba. Mambo ya kabureta sikuyaelewa, ya sigara nimeyaelewa. Wewe waogopa kuchekwa na mwenzio amekalia moto. Mzee aliyekuuliza mbona harufu alikuamini, la sivyo angemuuliza mwingine. Kusahau pampu si dhambi, waliosoma pia husahau. Wewe hukusahau: uliambiwa ukacheka, kisha ukaona ukanyamaza.

Hata hivyo, asiyejali haandiki barua. Kwa hivyo nenda kwa Mzee Baya leo, kwa miguu yako, umwambie, "Ulisema kweli nikakudharau, nisaidie kushusha tangi." Akicheka, mwache acheke, wewe shika spana. Tieni pampu ndogo ambayo kabureta itaiweza, osheni injini, na lori lisitoke mpaka Baya alikague. Huko kuitwa fundi, waachie wenyewe waamue.

Jambo moja zaidi. Gazeti hili hutoka Ijumaa na barua yako niliipata Jumatatu. Sikungoja. Lori kuukuu la magodoro si kazi kulipata Majengo. Nilimkuta Mzee Mutunga, nikamwambia alizime na asiliwashe tena. Jina lako sikulitaja, naye hakuniuliza. Alisema tu, "Nitamngoja aje mwenyewe."

Leo ni siku ya tano anakungoja.