Meza ya Watu Wawili kwa Jina la Madam Koni

Mpendwa Mama Marlène,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Mimi huwa napiga simu kwenye hoteli moja ya Kolwezi na kuhifadhi meza ya watu wawili kwa jina la Madam Koni, kwa Kiingereza cha adabu kabisa, na siku ikifika hakuna anayekwenda kula, kwa sababu Madam Koni hayupo, Madam Koni ni mimi, mwanafunzi wa sekondari hapa Likasi, na anayepokea simu ya mgahawa wa hoteli hiyo ni mama yangu.

Mama alipoanza kutafuta kazi ya hoteli alijipatia kitabu kidogo cha Kiingereza cha kuhudumia wageni, maana Kolwezi wageni wengi wa migodi hawajui Kifaransa, na kwa kuwa mimi ndiye mpenda vitabu nyumbani, akanifanya mgeni wake. Nilikuwa nalala kitandani kama tajiri, yeye anabisha mlango, "Huduma ya chumbani, Madam, naomba kuingia," nami namjibu kwa maringo kwamba niliagiza mayai na mkate wa kuchoma, na kwenye sinia siku zote ni bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, na tunacheka mpaka baba anauliza kuna nini humo ndani. Lakini kazi ilipopatikana baba hakucheka. Alisema mke wake hatabisha milango ya wanaume asiowajua, na akienda asirudi, na mama akaenda, na baba akabadilisha namba ya simu, na huu ni mwaka wa pili jina la mama halitajwi mezani kwetu. Kitabu aliniachia mimi.

Namba ya hoteli niliiona kwenye ukurasa wao wa mtandao. Siku ya kwanza nilitaka kusema tu, "Mama, ni mimi," lakini alipopokea kwa sauti ile ile ya mchezo wetu, Kiingereza kikatoka chenyewe: ningependa kuhifadhi meza, tafadhali, karibu na dirisha kama inawezekana. Kwa Kiswahili ningelia. Kwa Kiingereza mimi ni mtu mwingine, mtu asiye na haya, na mama ananiita Madam, ananishukuru kwa kupiga simu, ananitakia mchana mwema, nami naishi na maneno hayo hadi nitakapopiga tena, nikiwa shuleni nayarudia moyoni kama sala.

Simu ninayotumia ni ya shangazi Fidélie, dada wa baba yangu Bertin, ambaye nimemwambia najizoeza kwa ajili ya mtihani wa taifa. Yeye hupita mlangoni na kusema, "Weye, uko nasema na nani? Muone, mutoto ya Bertin anashakuwa muzungu! Uwaambie bazungu wako batuletee sukari!" na mimi nacheka naye, halafu najisikia vibaya.

Mara ya mwisho mama aliniomba kwa upole nithibitishe kwamba nitafika, kwa sababu meza ikikaa tupu patroni humgombeza yeye mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha, kabla hatujaagana, akaniuliza, "Madam amekula leo?" Nikajibu ndiyo, asante sana, nikakata simu haraka. Swali hilo nimelitafuta katika kitabu chote, sehemu ya meza na sehemu ya huduma ya chumbani, sikuliona, nadhani ni adabu mpya ya hoteli.

Nimekwisha kuhifadhi meza nyingine, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana. Nikiacha kupiga, sitaisikia tena sauti yake. Nikijitaja, labda atanichukia kwa aibu niliyomletea kazini, labda baba atajua. Nifanye nini, Mama Marlène?

Jaël, Likasi

(Majina tumeyabadilisha. Mhariri.)

*

Mwanangu Jaël,

Barua yako nimeisoma jikoni nikaunguza maharage, basi ujue nimekusikiliza mpaka mwisho.

Kwanza nikugombeze, maana umeyataka. Mtu akihifadhi meza, kuna mwingine anatandika kitambaa, anapanga vikombe, anawakatalia wageni waliofika kweli. Kwa upande wako ni sauti tamu sikioni. Kwa upande wa mama yako ni patroni amesimama juu ya kichwa chake. Hilo likome leo.

Sasa nikuulize, wewe mwenye kusoma vitabu. Umepata wapi mwanamke wa Kiingereza anayeitwa Koni? Koni ni mtambo wa umeme wa huko kwenu karibu na Likasi, nawe umejificha nyuma yake! Mzaliwa wa Likasi akisikia jina hilo kwenye simu ya Kolwezi, unadhani anafikiria nini? Na lile swali lako, usipoteze muda kulitafuta kitabuni. Hakuna hoteli duniani inayomuuliza mteja wa kwenye simu kama amekula. Mteja huulizwa atakula nini. Anayeuliza kama umekula ni mtu ambaye hayupo kukupakulia.

Simjui mama yako na sitaapa kwa niaba yake. Lakini kwa masikio yangu, mwanamke huyu amekutambua zamani. Naye pia anaogopa. Anaogopa akitaja jina lako utakata simu, kwa hiyo anakuita Madam ili uendelee kupiga. Mko wawili mnabisha mlango mmoja, kila mmoja upande wake, na hakuna anayefungua.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Utapiga kabla ya Jumamosi hiyo, mapema, wageni wasipokuwa wengi. Hutahifadhi chochote. Utajibu swali aliloliuliza, na utalijibu kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani mliyokuwa mkicheka nayo. Ukilia, lia, simu haivunjiki kwa machozi. Lakini kabla ya hapo mwambie shangazi yako ukweli, kwa sababu simu ni yake. Anayetania hivyo mlangoni huenda ana moyo mpana kuliko unavyomdhania. Na ugomvi wa baba na mama si sinia lako, usilibebe. Kumsalimu mama si kosa mbele ya baba yeyote, na akikuuliza, mjibu hivyo hivyo, kwa heshima na bila kutetemeka.

Mama Marlène

*

Mama Marlène,

Nilimwambia shangazi Fidélie siku ya Alhamisi, tukichambua sombe. Akaliweka jani chini, akalitaja jina la mama: "Na ile kingereza yote ilikuwa ya Hélène?" Akafuta mikono, akanipa simu, akaenda kukaa mlangoni ili baba akirudi amkute yeye kwanza.

Nilipiga. Mama akapokea kwa Kiingereza, akautaja mgahawa, akauliza anisaidie nini. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri, zote zikapotea. Nikasema, "Mama, nimekula. Bukari na sombe."

Nilisikia sahani zikipangwa nyuma yake. Halafu akauliza, "Ulikula mingi?"

Nikasema ndiyo.

"Ngoja," akasema. "Usikate. Jaël, usikate."

Akaweka mkono kwenye simu, lakini nilisikia. Alimwambia mtu kwa Kifaransa kwamba ile meza ya Jumamosi, ya dirishani, wampe mgeni mwingine, Madam hatakuja tena. Kisha akaondoka na simu, nikasikia mlango ukifungwa nyuma yake, na zile sahani hazikusikika tena. Mimi nilikuwa nangoja, sikukata.