Mkungu Mlangoni Kwangu

Pumwani, Nairobi
Mwezi wa Rozari

Kwa kaka yangu Ta Felisiani,

Nakusalimu kwa heshima yote ya mdogo kwa mkubwa wake. Hujambo, kaka? Mgongo bado unakusumbua wakati wa mvua? Kahawa imezaa? Na shemeji yangu, mama Kokugonza, nasikia macho yamepungua nguvu. Mpe pole yangu sana. Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga ya kushoto, ambayo imeamua kuzeeka kabla ya wenzake.

Utashangaa kupata barua yangu baada ya miaka yote hii, tena ya Kiswahili, kama vile namwandikia karani wa serikali. Sina namna, waitu, kaka yangu. Kalamu nilifundishwa kwa Kiswahili. Kihaya nimekiimba tu, sijawahi kukiandika. Binti yako Kokugonza atakusomea. Nilimwomba akufikishie maneno yangu kwa mdomo, akanijibu, "Baba mdogo, mimi ni mwalimu, si posta. Mwandikie mwenyewe." Mkali huyo! Amekufuata wewe moja kwa moja.

Ndiyo, nilionana naye. Nilifika Bukoba mwezi uliopita, na kwako Muleba sikufika. Usiitupe barua kwanza, nitaeleza.

Hapa Nairobi naishi chumba kimoja. Bendi niliyoipigia gitaa miaka kumi na miwili imepata kijana mwenye sauti laini na viatu vya kung'aa, nikaambiwa nipumzike. Loo, kupumzika kunachosha, kaka! Saa nne asubuhi nimeshamaliza kazi zote za siku. Jumapili baada ya misa nanunua ndizi sokoni, nazipika na maharage, lakini chungu cha mtu mmoja hakina ladha hata ukitia chumvi yote ya Katwe. Nikimenya najisemesha Kihaya. Siku moja jirani yangu Mkamba aligonga ukuta akauliza kama nina mgeni. Nikamjibu ndiyo, ninaye, kwa sababu niliona aibu kusema ukweli.

Katika upweke huo nikaanza kutunga tena. Maisha yangu yote watu wamenijua kwa wimbo mmoja tu, ule wa kumsifu mukama, mfalme wetu. Sasa ninazo nyimbo sita mpya, zangu, za Kihaya. Gitaa lilikataa kuzibeba, nikachonga enanga kwa mkono wangu na kuifunga nyuzi, na vidole vikakumbuka njia. Mhindi mmoja mwenye duka la santuri alizisikia zote. Wimbo wa sita ndio ulioshika moyo wake, akasema huo utangulie. Nikamwambia huo usubiri.

Nikaona nizijaribu nyumbani kwanza. Nikapanda treni hadi Kisumu, kisha meli, nikapata chumba Kibeta. Nikaimba Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa mjini. Watu walijaa hadi madirishani, moyo ukanidunda kama wa bwana harusi. Wimbo wa kwanza wakatazamana. Kwenye wa pili akasimama mtu mzima mwenye koti akasema, "Mzee, tumekuja kusikia ule wa mukama!" Ukumbi mzima ukaitikia. Nikawaambia ule siuimbi tena. "Basi tumekuja kufanya nini?" akauliza, na kweli alikuwa anauliza tu, hakuwa na ubaya. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaotoroka misa kabla ya matangazo. Nilipofika wimbo wa tano walikuwa wamebaki kumi na tatu, na wengine kati yao walikuwa wanakwepa mvua.

Niliumia, sikufichi. Lakini ule siwezi kuuimba, na wewe unajua kwa nini kuliko mtu yeyote. Acha leo niseme kwa kinywa changu, kwa kuwa sijawahi kusema.

Niliuimba mbele ya mukama nikiwa kijana, akafurahi hadi akasimama, na zawadi yangu ikawa kilima chetu. Alinipa nyarubanja, ardhi pamoja na watu walio juu yake. Nyumba saba, na ya tatu kutoka barabarani ilikuwa yako, kwenye kibanja cha migomba alichokuachia baba. Jana yake tulikuwa ndugu na majirani. Siku ile mimi nikawa bwana, na ninyi watu wa kuniletea mkungu na pombe kila msimu, la sivyo mfukuzwe. Ningeweza kukataa. Ningeweza angalau kuomba nyumba yako iachwe. Nililala kifudifudi nikashukuru, kichwa kimevimba.

Halafu ukaja, mkungu kichwani. Ukaushusha, ukapiga magoti mbele ya wageni wangu, ukaniita bwana. Wewe uliyenifundisha kutembea! Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "Inuka." Sikulisema. Niliinama nikajifanya nakaza nyuzi za enanga mpaka ulipoondoka. Mwezi uliofuata nikapanda meli, nikawaambia watu naenda kutafuta maisha. Uongo. Nilikuwa nakukimbia wewe.

Sasa turudi ukumbini. Mvua ilipokatika alibaki mwanamke mmoja na mwavuli wake. Akanijia, akajitaja kuwa ni binti yako, anafundisha Kagondo. Alikuwa na kahawa ya kutafuna kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa. Nikafurahi, nikaanza kuuliza habari za huko. Ndipo aliponiambia kwamba hata leo, kila msimu, unakata mkungu wa kwanza, unaubeba hadi kwenye nyumba yangu ya zamani, ile iliyobomoka paa, unauweka mlangoni, unarudi kwako. Mbuzi wanaula. Anasema alikuuliza kwa nini, ukamjibu, "Asije akasema sikuleta."

Miaka ishirini na sita, kaka! Nilishindwa kutafuna. Nililia mbele ya mtoto wako, mzee mzima, na yeye akanitazama tu, hakunibembeleza. Alifanya vizuri. Nakuomba, nakusihi, mkungu huo usiupeleke tena. Uleni na watoto.

Jumatatu nikaenda kwa karani wa baraza, nikaandikisha karatasi kwamba kilima kile sikitaki, kila nyumba iwe ya mwenyewe. Karani akavua miwani. "Wenzako wanazipigania nyarubanja, wewe unairudisha? U mgonjwa?" Nikamwambia nilikuwa mgonjwa zamani. Anasema baraza la mukama litakuwa na lake la kusema, lakini mkono wangu mimi nimeshautoa, na mashahidi wawili wametia sahihi. Nakala anayo Kokugonza.

Kisha nikaenda kwenye basi la Muleba. Siku tatu mfululizo nilikwenda. Utingo alinizoea, akawa ananiita, "Mzee, leo unapanda?" Nami namjibu namsubiri mtu. Siku ya nne nikapanda meli ya kurudi huku. Ndivyo nilivyo, kaka. Kuimba mbele ya mamia naweza. Kubisha hodi kwako nikashindwa.

Wimbo wa sita ni wako. Nimemsifu mukama, nimesifu ng'ombe wake, nimesifu matajiri na baiskeli zao, ila kaka yangu sikumpa hata mstari mmoja. Humo umo wewe unapogoa migomba yako asubuhi, jina lako limo, na magoti yako yamo, na mimi nimo nikitazama nyuzi. Ni wimbo mzuri kuliko wote niliotunga. Mhindi anauliza kila wiki. Bila ruhusa yako sitauimba, si kwenye santuri, si popote. Ukisema hapana, nitazikwa nao.

Nataka kurudi. Hapa sina mtu wa kunifumba macho siku yangu ikifika. Ukiniambia njoo, nitakuja kabla ya Noeli, na utausikia wewe na shemeji, uani kwenu, bila watu.

Nisalimie shemeji. Nisalimie mwalimu wetu mkali. Nisalimie katekista mzee aliyetufundisha sala, kama bado yu hai, na wenye zile nyumba sita nyingine, mmoja mmoja, kama watakubali salamu zangu. Ukipita makaburini kwa baba na mama, waambie umepata barua.

Neno moja nimelibakiza, kwa kuwa linanitia aibu. Kwanza nilitaka kukuahidi ile karatasi: unipokee, ndipo nikaiandikishe. Nikaona huo ni ubwana uleule. Kwa hiyo nimeiandikisha kwanza, ndipo nikakuandikia. Kibanja ni chako, kaka, hata ukiniambia nisikikanyage.

Mdogo wako,
Anatoli